Samadi ya Kuku na Gapi Sita

Mimi ni mtu wa vitu vya bei rahisi, na mke wangu alilijua hilo tangu siku ya kupanga mahari. Kwa hiyo niliponunua tangi la samaki la kioo, sentimita 60 kwa 30 kwa 35, lita 63 ukilijaza pomoni, muuzaji akaniambia kuna udongo maalumu wa mimea ya majini unaouzwa kwa mfuko, nikauliza bei. Akanitajia. Nikajifanya napigiwa simu. Ninunue udongo mimi, mkazi wa Tabata, ambako mvua ikinyesha udongo unajileta wenyewe hadi sebuleni?

Nikapiga hesabu zangu. Mimea inataka rutuba, na rutuba ipo uani kwenye tuta la mchicha la mama watoto, alikomwaga samadi ya kuku juma lililopita. Juu ya udongo unatakiwa mchanga wa kuufunika, na mchanga ninao: mweupe kama sembe, niliutoa Paje tulipokwenda Unguja, nikaubeba kwenye chupa mbili za maji. Gharama yote, sifuri.

Nikatandaza udongo, nikafunika na mchanga wa Paje, ukatosha unene wa kidole tu. Nikachomeka mimea. Kisha nikainua ndoo nikamimina maji, pwaaa, kama naosha gari.

Wenye akili huweka sahani juu ya mchanga, maji wakayamimina taratibu kwenye sahani. Sahani zilikuwa jikoni, hatua sita. Sikwenda. Maji yalichimba shimo hadi kwenye samadi, tangi likageuka chai ya maziwa, na katikati ya chai likaibuka nyoya la kuku, likizunguka polepole kama mtumbwi usio na mwenyewe.

Keshokutwa yake maji yakapungua weusi, nikatia gapi sita, vile visamaki vidogo vya mapambo.

Siku ya nne akaja baba mkwe kutoka Tanga. Mzee wa heshima, fundi mwashi mstaafu, maneno yake machache. Akaketi kwenye kochi lililo ubavuni mwa tangi. Nikampa shikamoo, tukaulizana hali za nyumbani, tukanyamaza kama ilivyo ada ya wakwe.

Ndipo harufu ikaja.

Haikubisha hodi. Yai viza lililochanganyika na banda la kuku. Mzee akatazama dari. Mimi nikamtazama mwanangu wa miaka mitano, kwa matumaini.

"Siyo mimi," akasema mtoto, kwa sauti, na kuninyooshea kidole.

Harufu ikatulia. Nikashukuru. Baada ya dakika mbili ikarudi, kali zaidi. Mama watoto akaingia na sinia la supu, akasimama mlangoni, akanitazama jicho ambalo sijaliona tangu nilipopoteza ada ya shule kwenye kuku wa kisasa. Nikataka kujitetea, lakini utaanzaje? "Baba, naomba uniamini, siyo mimi"? Mbele ya mkwe?

Blup.

Mzee akageuka. Kwenye tangi, povu moja nene lilitoka mchangani, likapanda juu, likapasuka. Akasogeza pua, akairudisha haraka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilidhani ni mkwe wangu."

Tulicheka mpaka supu ikapoa. Wasiocheka walikuwa gapi. Wote sita walikuwa juu kabisa, midomo nje ya maji, wakihema kama abiria wa daladala wanaogombea dirisha. Mzee akaniuliza nimeweka nini humo. Nikamweleza, sauti ikishuka kwa kila neno, na nilipofika kwenye samadi nikawa nanong'ona.

"Na mchanga?"

"Wa Paje, baba."

Akaomba ndimu. Mama watoto akadhani ya supu. Mzee akachota mchanga uliobaki kwenye chupa, akauweka kwenye kisosi, akaukamulia ndimu. Mchanga ukachemka: vipovu vidogo, tsss, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi.

"Hii ni chokaa, mwanangu. Matumbawe yaliyosagika. Sisi tulikuwa tunayachoma tanuri zima kupata chokaa ya kujengea."

Baadaye nikaelewa ukubwa wa balaa langu. Samadi mbichi ikioza majini hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Na mchanga wa matumbawe huyapandisha maji magadi, na maji yakiwa magadi amonia hiyohiyo inakuwa kali zaidi. Yaani nilipika sumu, halafu nikaitafutia msaidizi kutoka Unguja.

Tuliwahamisha gapi kwenye beseni la kufulia, kwa maji yaliyolala siku tatu kwenye pipa, klorini, ile dawa ya maji ya bomba, ilikwisha kupeperuka. Watano wakapona. Tangi nikalianza upya: udongo mkavu usio na samadi, uliochekechwa, juu yake mchanga wa mto Mpiji niliomwomba jirani anayejenga. Nikauosha ndoo kumi na nne, nikaukamulia ndimu, ukakaa kimya. Kisha nikasubiri zaidi ya mwezi mzima mimea ishike na maji yakomae, na mwezi wote huo nguo zetu zilifuliwa kwenye ndoo ya kudekia, kwa kuwa beseni lina wapangaji.

Maji ya tangi la kwanza mama watoto alikataa nisiyamwage mtaroni. Akayamwagia mchicha wake, na gapi wa sita tukamzika palepale. Mchicha ulivimba majani kama masikio ya tembo. Juzi alinipakulia, akanitazama nikila, kisha akauliza kwa upole:

"Baba watoto, lile tangi unaliharibu tena lini?"