Niachieni Singe ya Mtoko

Wanaokusanya silaha za kale za Kijerumani wengi hukimbilia majambia ya maofisa. Mimi natetea singe ya mtoko, yaani kisu cha mfano wa kile kinachochomekwa mdomoni mwa bunduki, ile ambayo askari wa kawaida aliining'iniza kiunoni akipewa ruhusa ya kwenda mjini. Singe ya kazi ilikuwa mali ya jeshi. Hii kijana aliinunua dukani kwa pesa yake, na wanunuzi waliongezeka baada ya Ujerumani kurudisha utumishi wa lazima jeshini mwaka 1935. Kwa hiyo ndani yake mna hiari ya mtu: huyu katosheka na iliyo wazi, yule kalipa zaidi ubapa uchorwe kwa asidi maneno “Zur Erinnerung an meine Dienstzeit”, yaani kumbukumbu ya utumishi wangu jeshini.

Kama silaha, ni kichekesho. Makali hayakunolewa, na nyingi zina tundu la mapambo tu nyuma ya mpini, hivyo hazishiki kwenye bunduki. Ni za kung'aa: nikeli au kromu, kitako chenye kichwa cha tai, ala iliyopakwa rangi nyeusi.

Karibu zote zilitoka Solingen, mji wa wahunzi wa visu na panga, na raha kubwa kwangu ni kusoma mihuri ya viwanda. Eickhorn ni kindi aliyeshika upanga. Höller ni kipimajoto. Robert Klaas ni korongo wawili wamegusanisha midomo. WKC, yaani Weyersberg, Kirschbaum & Cie, ni kichwa cha mfalme na cha shujaa mwenye kofia ya chuma.

Hizo zenye maandishi ndizo ghali, na ndizo zinazoghushiwa. Mjanja huchukua singe halisi isiyo na kitu, akaichora upya, bei ikapanda. Mchoro wa zamani umezeeka pamoja na nikeli inayouzunguka. Ukiuona mpya juu ya ubapa uliochakaa, rudisha. Anayeanza anunue iliyo wazi, yenye mikwaruzo yake.

Wapo wanaosema hili ni pambo tu, halina siasa. Sikubali. Kijana aliyejinunulia mwaka 1938 huenda alikuwa Poland mwaka uliofuata, jeshi la Hitler lilipoivamia, na si kwa matembezi. Anayeitundika ukutani bila kueleza hayo anafanya urembo wa jambo lisilo la urembo.

Na tafadhali, msizisugue kwa dawa ya kung'arishia. Nikeli ni nyembamba, ikitoka hairudi. Mafuta mepesi kwenye kitambaa laini yanatosha.