Mdomo wa tena

Jamani hili bora nilisimulie mwenyewe maana wenzangu wa bendi wakisimulia wanatia chumvi. Mimi napuliza saksafoni ya alto, domo la bata lile dogo, kwenye bendi ya harusi hapa Dar. Sijasomea popote, kwaya yenyewe sijawahi kuimba hata siku moja (shikilia hapo, itakuja kuniumbua).

Sasa mwanangu wa miaka mitatu akachukua mdomo wa saksafoni, kile kipande cheusi cha kutia kinywani, akaenda kuchimbia mchanga. Ncha ikamegeka, na ncha ikimegeka ndo basi, utapuliza mpaka mishipa ya shingo isimame zinatoka hewa na miluzi tu. Siku yenyewe Alhamisi, harusi Jumamosi. Nikamwambia mke wangu nahitaji mdomo mpya, akasema afadhali, huo ulionao unaongea sana.

Nikapata jamaa mtandaoni anauza wake elfu 70. Namuuliza ni mzima? Akajibu "mzima kabisa, ila ni wa tena bro". Mimi nikaelewa wa tena, si unatumika tena, mtumba! Nikamjibu haina shida kaka, hata gari langu ni la tena. Akatuma emoji ya kucheka na mimi nikatuma ya kucheka, kila mtu anacheka lake.

Ijumaa jioni mzigo huo. Naona mnene kidogo, na ridi yake, kale kaulimi ka mwanzi, pana kuliko zangu, nikasema huu wa kibabe. Kuuvalisha sasa, unapwaya kama suruali ya kuazima! Shingoni mwa saksafoni pamezungushiwa kitu kama kizibo cha chupa ya waini, ndo kinachoubana mdomo, huu haukubanwa popote. Nikaenda kwa fundi bomba jirani, akanipa tredi tepu, nikazungusha raundi kama 15 ukakaa. Akaniuliza kwani inavuja? Nikamwambia muziki ndo unavuja.

Ukumbini wakati wa kutyuni mtu wa kinanda ananipa noti, mimi niko chini yake. Kwa kawaida ukiwa chini unausukuma mdomo ndani, bomba linafupika, sauti inapanda. Nimesukuma mpaka tepu imejikunja, bado niko chini. Zile noti za chini kabisa ndo usiseme, bubububu kama bodaboda inayogoma kuwaka. Kiongozi wa bendi ananiuliza "dogo, umekula kweli?"

Maharusi wakaingia. Sijui shetani gani alinituma nijipinde nyuma niinue saksafoni juu kama mastaa, tepu ikaachia, saksafoni ikaniangukia tumboni ikabaki inaning'inia kwenye mkanda, mdomo umebaki mdomoni kwangu, na mimi macho nimefumba napuliza kwa hisia zote. Piiiiiiiii! Bi harusi akasimama. MC akadaka maiki, "mwamuzi kapuliza, ni penati!" Ukumbi chali. Na yule wa kinanda, badala ya kunisitiri, ananitajia noti kwa kelele, "hiyo ni G!"

Kumbe alinisaidia. Baadaye mzee mmoja mgeni mwalikwa, zamani alipuliza kwenye bendi za dansi, akanifuata nyuma ya jukwaa. "Mdomo wa alto ukiupuliza peke yake unatakiwa uangukie A. Wako umetoa G. Huu wa tena." Nikamwambia ndiyo mzee, nimeununua umeshatumika. Akaniangalia muuuda mrefu. "Kijana. Soprano, alto, TENA, besi."

Kumbe tena ni sauti, zile zile za kwaya, na ni saksafoni kubwa kuliko alto yangu. Nikatamani ardhi ipasuke. Akanieleza kwamba wa tena tundu lake kubwa na tumbo lake la ndani kubwa, ukiuweka kwenye alto ni kama umeongeza bomba, sauti inashuka, tena haishuki sawasawa, noti za juu kivyake za chini kivyake. "Adolphe Sax, aliyebuni saksafoni, alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya hivi vitu Ufaransa mwaka 1846, ukoo mzima, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja na mdomo wake. Wewe umemvalisha mtoto meno ya babu yake."

Juzi nikautangaza na mimi nirudishe hela yangu. Jamaa akanitumia meseji, ni wa alto? Nikajibu hapana, ni wa tena. Akasema "mtumba siyo ishu bro, mradi unapuliza."