Safari iandikwe wapi? Grupu, mfumo au karatasi

Ofisi nyingi za utalii Arusha, hasa zile za kati zenye magari matano mpaka kumi na tano, zinaendeshwa na WhatsApp. Kila safari ina grupu lake: mwenye kampuni, mtu wa mauzo, mtu wa operesheni, mhasibu, dereva, na mpishi kama ni safari ya kambi. Julai ikifika, mtu wa operesheni anaamka na magrupu ya safari zaidi ya kumi yanayolia kwa zamu, achilia mbali la familia, la kikoba na la msiba. Mjadala uliopo ni kama hali hii iachwe ilivyo, au kazi zihamishiwe kwenye mfumo maalumu wa kuratibu safari. Wanaotaka mfumo wanaona WhatsApp ni uzembe. Wanaoitetea wanaona mfumo ni anasa ya watu ambao hawajawahi kumtafuta dereva aliyeko porini Ndutu. Kila upande una hoja, ila wote wawili wanaidharau karatasi mapema mno.

Utetezi wa WhatsApp usichukuliwe kirahisi. Dereva anayo tayari simuni, anaijua, na hahitaji kufundishwa wala kukumbuka nywila. Ujumbe mfupi wa maandishi unapita hata kwenye mtandao dhaifu. Akiwa nje ya mtandao kabisa, unamsubiri, unaingia akishika mnara Seronera, katikati ya Serengeti. Akiwa barabarani hawezi kuandika, lakini akisimama anaweza kutuma voisi ya sekunde 15 na ofisi ikaelewa kila kitu, pamoja na kama mwenyewe ana wasiwasi au hana. Picha ya springi iliyokatika inamfikia fundi wa gereji Unga Limited kabla gari halijageuza, na fundi anajibu kama lije taratibu au lisubiri. Gharama yake ni bando ambalo dereva angenunua hata hivyo. Mfumo wowote utakaoletwa lazima uyashinde haya, na mingi haiyashindi.

Tatizo linaanza pale grupu linapoacha kuwa mjumbe na kufanywa kumbukumbu. Chukua jambo la kila wiki: wageni wanatua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) saa 00:50, tarehe 14 Julai. Mtu wa mauzo anaandika grupuni, "Wageni wanaingia tarehe 14 usiku." Dereva anasoma na kuelewa kama watu wengi wanavyoelewa: Jumanne tarehe 14, giza likishaingia. Kumbe ndege inatua Jumatatu usiku wa kuamkia Jumanne. Wageni wanatoka nje ya uwanja hawaoni bango lenye jina lao, na dereva amelala kwake mtaa wa Sakina akijua kazi ni kesho. Kosa hilohilo linazaa la pili. Loji imebukiwa kuanzia tarehe 14, kwa hiyo hata wakipatiwa teksi na kufika mjini saa 8 usiku, chumba ni cha kuanzia mchana wa hiyo tarehe 14. Hapo hakuna aliyesema uongo. Ujumbe uliandikwa, ukasomwa, tiki mbili za bluu zikatokea, na wote wakaamini wameelewana.

Saa zenyewe ni mtego mwingine. "Wachukue 7:30" kwa aliyezoea ratiba za wageni ni saa moja na nusu asubuhi. Kwa aliyezoea saa zetu ni saa saba na nusu mchana. Dereva mzoefu atauliza. Aliyekodiwa kwa siku mbili kuziba pengo hatauliza, ataona aibu. Njia ya kuumaliza mtego huu ni kuandika zote mbili kila mara, bila kujali nani anasoma: 07:30 (saa 1:30 asubuhi). Kwa ndege za usiku, andika siku ya kuondoka Arusha badala ya siku ya kutua peke yake: "Ondoka Jumatatu tarehe 13, saa 5 usiku. Ndege inatua 00:50 (saa 6:50 usiku), kuamkia Jumanne tarehe 14. Chumba kilipiwe kuanzia usiku wa tarehe 13." Maneno yameongezeka, lakini hakuna pa kukisia.

Halafu kuna tabia za programu yenyewe. WhatsApp inaruhusu ujumbe kurekebishwa ndani ya dakika 15 na kufutwa kwa wote kwa zaidi ya siku mbili. Kwa mazungumzo ni sawa kabisa. Kwa maagizo ya kazi, maana yake ni kwamba dereva aliyesoma dakika ya tatu na mpishi aliyesoma dakika ya ishirini wanaweza kuwa wamesoma vitu viwili tofauti. Dereva mbadala anayeingizwa grupuni leo, kwa kawaida hayaoni yaliyoandikwa jana, kwa hiyo atafowadiwa anachokumbuka mtu. Na kinachokumbukwa mara nyingi ni ratiba, si lile la mgeni mmoja kudhurika na karanga, lililoandikwa wiki iliyopita katikati ya "Amina", "Asante bosi" na picha ya keki ya mhasibu. Mpishi anafanya manunuzi soko la Kilombero na anaweka siagi ya karanga kwenye boksi kama kawaida, kwa sababu katika mambo aliyoambiwa hakuna lililomzuia. Kati ya makosa yote ya grupu, hili ndilo la kutisha, maana saa nane za barabara kutoka hospitali kubwa si mahali pa kugundua kwamba ujumbe ulipita juu.

Pasipoti nazo zinahitaji neno. Kwenye simu nyingi za Android, picha za WhatsApp hujihifadhi zenyewe kwenye galari. Ukiweka kurasa za pasipoti za wageni sita kwenye grupu la watu wanane, umezigawa kwenye simu nane, ambazo nyingine watoto huchezea jioni na nyingine zitauzwa mtumba mwakani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaihusu ofisi ya utalii kama inavyoihusu benki. Nakala ya pasipoti inatakiwa na mtu anayeandaa vibali na malipo, basi. Dereva anahitaji majina, uraia na idadi. Geti likihitaji namba za pasipoti, ziandikwe kwenye karatasi ya safari, picha ibaki ofisini.

Kwa hiyo tununue mfumo? Hoja ya wanaoutaka ni nzito. Safari moja ya siku saba ina vyumba vya loji tatu au nne, ada za hifadhi zenye namba za kumbukumbu za malipo, gari, chakula cha mchana, na salio la mgeni. Hivi ni vitu vya jedwali, na akili ya binadamu haijaumbwa kuvibeba kwa safari kumi kwa pamoja. Mfumo mzuri unakataa gari moja kupangiwa safari mbili. Unakukumbusha amana ya loji kabla chumba hakijaachiwa. Mhasibu haulizi mtu, anafungua anaona. Ofisi yenye safari zaidi ya nne au tano zinazopishana kwa wakati mmoja inapata faida ya kweli hapo, na hata jedwali moja la Google Sheets lililopangwa vizuri linafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila malipo.

Mifumo hufa kwa sababu ya mikono. Mtu wa mauzo anabadilisha loji kwa simu, anaandika grupuni kwa sababu ndiko walipo watu, na anajiambia mfumo ataujaza jioni. Jioni hiyo haifiki. Baada ya wiki tatu kuna kumbukumbu mbili zinazopingana, na wote wanaiamini ile ya grupu kwa sababu ndiyo mpya. Ofisi sasa inalipa dola kila mwezi, kwa kila mtumiaji, ili kutunza kumbukumbu ambayo haisomwi. Dereva naye hajawahi kuingia humo hata mara moja, na halaumiwi: skrini ile ilitengenezwa kwa mtu aliyekaa kwenye kiti.

Kuna pia jambo ambalo wauzaji wa mifumo hulipita haraka. Oktoba 4, 2021 WhatsApp ilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita. Mei 12, 2024 kukatika kwa nyaya za baharini za EASSy na Seacom kulidhoofisha intaneti nchini. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikachukua siku kadhaa kurudi. Mara hizo zote wageni walikuwa barabarani, na siku ya kuzimwa intaneti grupu na mfumo vilikuwa sawasawa: vyote bure. Aliyekuwa na karatasi kwenye dashibodi yenye namba ya simu ya kila loji alipiga simu ya kawaida, akaendelea. Hata mlimani Kilimanjaro, ambako intaneti ya kasi ilifikishwa Horombo mwaka 2022, hiyo ni njia ya Marangu. Anayepanda kwa Machame au Lemosho asiipangie kazi. Ofisi za Moshi, kwa sababu ya orodha za wapagazi na mizigo inayopimwa getini isizidi kilo 20 kwa mtu, hazikuwahi kuachana na karatasi, na katika hili zimewazidi jirani zao wa Arusha.

Mpangilio unaobaki baada ya kuzipima hoja hizi ni wa daraja. Ukweli wa safari ukae kwenye karatasi moja ya A4, mbele na nyuma, inayotolewa kutoka kwenye jedwali la ofisi. Juu kabisa, kwa herufi nene, mambo ya kiafya na chakula. Kama hakuna, iandikwe "HAKUNA", maana nafasi tupu haimwambii dereva kama swali liliulizwa. Chini yake ndege, tarehe na saa kwa namna zote mbili. Kisha kila siku kwa mstari wake: pa kuanzia, pa kulala, simu ya mapokezi, nani amelipa nini. Kwa Serengeti, uachwe mstari wa dereva kujaza kwa kalamu saa aliyoingia, kwa sababu kibali kinahesabiwa kwa saa 24: aliyeingia saa 8:20 mchana akilipia siku moja ana mpaka saa 8:20 mchana wa kesho yake, na anayekumbuka hivyo akiwa bado anaangalia duma atalifikia geti la Naabi kwa mbio na wageni wenye vumbi usoni.

Karatasi iwe na namba ya toleo na tarehe kwenye kona. Mabadiliko yakitokea, mtu mmoja tu, yule wa operesheni, anarekebisha jedwali, anatoa toleo la 3 kama PDF na kulituma grupuni. Grupu lisibebe agizo lisilokuwepo kwenye toleo. Dereva naye asijibu "sawa", kwa sababu "sawa" ya Arusha hutolewa hata kwa ujumbe ambao haujafunguliwa. Ajibu kwa kutaja kilichobadilika: "Toleo la 3, tunalala Karatu badala ya Mto wa Mbu." Kama yuko nje ya mtandao, anapigiwa simu loji anakolala na mabadiliko yanaandikwa kwa kalamu juu ya toleo la 2. Ukutani ofisini ubao mweupe, magari wima, tarehe mlalo, ujazwe kwa makapeni kila asubuhi. Unachekwa na wapenda teknolojia, lakini mgongano wa magari unaonekana kutoka mlangoni bila kufungua chochote.

Limebaki suala la watu kupumzika, na hapa watetezi wa WhatsApp wana hoja dhaifu zaidi. Mwenye kampuni anapata wazo saa 4 usiku, anatuma voisi ya dakika nne kwenye magrupu matatu. Kwake ni kutua mzigo kichwani. Kwa walioajiriwa ni kazi imeanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni ya kabla ya WhatsApp, iliyozaliwa 2009, lakini mipaka yake inajulikana: saa 45 kwa wiki, tisa kwa siku, mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Wapo watakaosema utalii hauna saa, na ni kweli kwamba ndege ya saa 6:50 usiku haitabadilishwa. Ila ndege hiyo ilijulikana miezi miwili kabla. Kinachokula usiku wa watu mara nyingi ni mambo ya kesho yaliyokosa pa kuandikwa leo mchana.

Njia ya kati ipo. Magrupu yote yanyamazishwe sauti kuanzia saa 2 usiku, na dharura iwe simu ya kupiga kwa mtu mmoja wa zamu ambaye jina lake liko kwenye karatasi. Mchana, mtu wa operesheni afungue magrupu kwa saa maalumu, tuseme saa 2:30, saa 6 na saa 10 jioni, na kati ya hapo afanye kazi inayohitaji kichwa kimoja: kulinganisha vocha za loji na ankara. Mwanzoni ataonekana mvivu, kwa sababu ofisi nyingi zimezoea kupima bidii kwa kasi ya kujibu. Bosi atakayeshindwa kuzuia voisi zake za usiku asipoteze fedha kununua mfumo; utajaa vumbi kama uliotangulia.

Na atakayetaka kujaribu asianze Julai. Aanze Aprili au Mei, mvua zikinyesha na magari mengi yakiwa gereji, kwa safari mbili tatu zilizopo. Karatasi ikikosea mwezi huo, dereva yuko karibu na kuna muda wa kuuliza ni mstari gani uliokosekana.