Dripu ya Mtaani na Sheria ya Mililita 100

Mwendesha baiskeli akipanda Ngong Jumapili jua likiwa kali, si ajabu arudi mtaani amelegea, anatapika. Akiingia kliniki moja ya Kawangware au Githurai, huenda hata jina lake halijaandikwa na tayari ametundikiwa dripu. Kwetu Nairobi dripu ndiyo ithibati kwamba daktari amekujali. Ukipewa ORS tu, yaani chumvi na sukari ya kuchanganya na maji ya kunywa, unatoka ukinung'unika. Lakini kama mgonjwa huyo ana leseni ya mashindano, mfuko ule wa nusu lita umeshamtia mashakani.

WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni, hairuhusu zaidi ya mililita 100 kupitia mshipa katika saa 12, uwe mashindanoni au nyumbani kwako. Hadi mwisho wa 2017 ilikuwa mililita 50 kwa saa sita. Kwamba mfukoni mna maji ya chumvi tu si utetezi, kwa kuwa kilichopigwa marufuku ni njia yenyewe. Wanaosamehewa ni waliotibiwa hospitalini, waliopasuliwa na wanaofanyiwa uchunguzi wa kitabibu. Wengine wote wanahitaji kibali cha kutumia tiba iliyokatazwa.

Ukali huu ulizaliwa na udanganyifu, na baiskeli ina sehemu yake kubwa. Mwaka 1997 UCI, shirikisho la dunia la baiskeli, iliamua kwamba mwanamume mwenye hematokriti, yaani kiwango cha chembe nyekundu katika damu, iliyopita asilimia 50 hashindani. Waliokuwa wakitumia EPO, dawa inayoongeza chembe hizo, wakajua namna ya kukwepa kipimo: maji ya chumvi huizimua damu, namba ikashuka. Ripoti ya 2012 ya USADA, shirika la Marekani la kupambana na dawa hizo, inaeleza jinsi daktari wa timu, kwenye mashindano ya dunia ya 1998, alivyoficha lita nzima chini ya koti la mvua, akampitishia mwendesha baiskeli Lance Armstrong kabla hajapimwa. Hata pasipoti ya kibiolojia, rekodi ya vipimo vya damu vya mwanamichezo vinavyolinganishwa kwa muda mrefu, iliyoanza 2008, inategemea damu isiyochezewa hivyo. Isitoshe, anayeweza kunywa hapati kwa sindano maji bora kuliko ya kikombe.

Kinachonikera mimi ni neno hospitali. Mwenye bima hulazwa wodini, akapewa maji yale yale, mambo yakaisha. Wa kliniki ya mtaani lazima aombe kibali baada ya tukio, na hakitolewi ovyo: mwanasoka Samir Nasri, aliyesema alikuwa mgonjwa alipowekewa mililita 500 Los Angeles, alinyimwa, na mwaka 2018 akafungiwa, mwishowe kwa miezi 18. Huyo alikuwa na mawakili.

Hata hivyo, sitaki kliniki zisamehewe. Mlango huo ukifunguliwa, wa kwanza kuingia watakuwa wauza dripu za vitamini. Ningependa ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa hizo, inapowafundisha wanariadha kuhusu dawa za kututumua misuli, iwaketishe pia wahudumu wa kliniki hizi, kwa sababu kibali husimama juu ya maandishi: ugonjwa gani, presha ilikuwa ngapi, alishindwa vipi kunywa, aliwekewa kiasi gani. Kliniki nyingi humwambia mgonjwa anunue daftari la shule, na humo utakuta mstari mmoja tu: dripu, chupa mbili, na bei.