Kima cha mapato kisirudishwe katika viza namba 191

Tangu Novemba 2019 Australia imekuwa na njia ya hatua mbili kwa mtaalamu wa kigeni anayekubali kuishi nje ya miji yake mikubwa kabisa. Hatua ya kwanza ni viza namba 491, ambayo ni ya muda wa miaka mitano na humlazimu mwenye nayo, pamoja na familia yake, kuishi, kufanya kazi na kusoma katika maeneo yaliyoteuliwa kuwa ya mikoani, yaani nchi nzima isipokuwa Sydney, Melbourne na Brisbane. Hatua ya pili ni viza namba 191, ambayo ni ukaazi wa kudumu, na maombi yake yalianza kupokelewa tarehe 16 Novemba 2022, baada ya watu wa kwanza kupewa nafasi ya kutimiza miaka mitatu inayotakiwa. Wakenya wengi ninaowafahamu huku, hasa wauguzi na wahudumu wa nyumba za kutunzia wazee, ama wameipita njia hii ama wangali ndani yake, na kila tunapokutana hatukosi kubishana iwapo ina haki. Mimi naona kwamba jambo la haki kuliko yote katika njia hii ni sharti ambalo serikali ililiondoa, nalo ni kima cha chini cha mapato, na kwamba wanaotamani kuliona likirudi hawajawatazama vizuri watu wanaoiendesha mikoa hiyo.

Njia hii ilipotangazwa, mwombaji wa viza ya 191 alielezwa kwamba angepaswa kuonyesha mapato yanayotozwa kodi yasiyopungua dola 53,900 za Australia kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Kiasi hicho kilikuwa sawa na kima cha mshahara walichowekewa waajiri wanaowadhamini wafanyakazi wa kigeni, na hakikutofautisha mhandisi wa migodi ya Australia Magharibi na mhudumu wa zamu za usiku katika mji mdogo wa bara. Baadaye sharti hilo liliachwa. Leo mwombaji anatakiwa awe ameishi na viza yake ya muda kwa angalau miaka mitatu, awe ameyatii masharti yake, na awe na hati za tathmini ya kodi za miaka mitatu ya kodi kutoka Mamlaka ya Kodi ya Australia, bila kutajiwa kiasi chochote anachopaswa kuwa amekipata. Hafanyiwi tena tathmini ya ujuzi, haulizwi umri, na hahitaji jimbo limteue upya.

Kwa wanaodhani kwamba dola 53,900 si kiasi cha kumtisha mtaalamu, inafaa kukumbuka kilichokipata kima hicho cha waajiri. Baada ya kukaa pale pale tangu 2013, kilipandishwa hadi dola 70,000 Julai 2023, kisha hadi dola 73,150 Julai 2024. Kama sharti la viza ya 191 lingebaki na kufungamanishwa nacho, familia iliyohama Nakuru au Mombasa mwaka 2020 ikiwa imepanga maisha yake kwa hesabu ya kwanza ingejikuta katikati ya safari ikidaiwa hesabu nyingine kabisa.

Na ni akina nani wangeangukia nje? Wa kwanza ni mama aliyejifungua ndani ya miaka hiyo mitatu akachukua likizo ya uzazi, kisha akarudi kazini kwa siku chache kwa wiki kwa sababu mji wake hauna nafasi za kutosha katika vituo vya kulelea watoto. Yupo pia muuguzi anayesubiri usajili wa taaluma yake, ambaye wakati huo hufanya kazi ya uhudumu kwa mkataba wa saa, yaani mwajiri akimhitaji anaitwa na asipohitajika anakaa nyumbani. Yupo fundi aliyeanzisha biashara yake mwenyewe, ambaye mwaka wa kwanza wa biashara humwachia madeni zaidi ya faida. Hawa ndio watu ambao halmashauri za miji midogo husema kila siku kwamba zinawahitaji, na mtu asitarajie kuhitajiwa kwao kuonekane katika mshahara, kwa kuwa kazi ya kumwogesha na kumlisha mzee haijawahi kulipwa kwa kadiri ya thamani yake, si huku wala kwetu. Wahenga walioagiza kwamba mgeni siku ya tatu apewe jembe hawakutaja magunia mangapi avune.

Hoja ya upande wa pili naijua, na si ya kupuuzwa. Husemwa kwamba bila kima cha mapato, viza hii itawavuta watu watakaokuja kukaa tu wakihesabu miezi. Lakini mchujo huo umekwisha kufanyika mlangoni. Ili mtu apate viza ya 491 lazima awe ametathminiwa ujuzi wake na chombo cha taaluma yake, awe chini ya miaka 45 anapoalikwa, aonyeshe kiwango cha Kiingereza, afikishe angalau alama 65 katika mfumo wa alama wanaopimwa nao wahamiaji, na ateuliwe na jimbo au adhaminiwe na ndugu anayeishi mikoani. Uteuzi au udhamini huo peke yake humpa alama 15, na wengi wasingevuka bila hizo. Kumchuja tena mtu huyo kwa mshahara wake ni kumwadhibu kwa hali ya soko la kazi la mahali ambapo serikali yenyewe ilimwambia aende.

Husemwa pia kwamba watu hawa, wakishapata ukaazi wa kudumu, hufunga virago na kuelekea Melbourne. Wapo wanaofanya hivyo, na wana haki, kwa kuwa sharti la mikoani huisha pale viza ya 191 inapotolewa. Hata hivyo, sharti la viza halijawahi kuujenga mji. Mfano ulio wazi zaidi kwa msomaji wa Kiswahili ni Shepparton, katika jimbo la Victoria, ambako kuanzia 2005 serikali ilipeleka familia za wakimbizi kutoka Kongo kwa makusudi ya kujaribu makazi ya mikoani. Watu hao walikuja na ukaazi wa kudumu mkononi, wakiwa huru kuondoka siku yoyote waliyotaka, na bado jamii ya Wakongo imeota mizizi pale. Kinachomshikilia mtu mahali ni nyumba anayoweza kuilipia, kazi, shule, daktari, na watu wa kuzungumza nao lugha yake jioni. (Na tusisahau kwamba kwa sheria hii hata Perth, mji wenye watu zaidi ya milioni mbili, huhesabiwa kuwa mkoani, kwa hiyo anayelia kwamba mikoa inahamwa angeanza kwa kueleza ni mikoa ipi.)

Nikisema kwamba kima hakipo, sisemi kwamba kodi haina uzito. Mwaka wa kodi wa Australia huisha tarehe 30 Juni, na mapato yasiyozidi dola 18,200 hayatozwi kodi ya mapato, jambo linalowafanya baadhi ya watu wenye kipato kidogo kudhani kwamba hawana haja ya kuwasilisha ritani. Bila ritani hakuna hati ya tathmini, na bila hati ya tathmini ombi la 191 halina miguu. Vivyo hivyo kuna wajibu wa kuitaarifu serikali ndani ya siku 14 mtu anapobadili anwani, simu, pasipoti au mwajiri, na naona watu wakiuchukulia kama mapambo. Zaidi ya hapo siendelei, kwa kuwa kutoa ushauri wa uhamiaji nchini humu bila kusajiliwa ni kosa la jinai, na washauri wa vikundi vya simu wangefanya vyema kulikumbuka hilo.

Masharti mengine nayakubali kama mapatano. Mwenye viza ya 491 hawezi, kwa miaka mitatu ya kwanza, kuomba viza nyingi nyingine za ukaazi wa kudumu, na kwa upande wake anapata huduma ya afya ya umma ya Medicare mapema. Lisilokubalika ni kinachotokea baada ya mtu kutimiza sehemu yake. Ombi la 191 lina mambo machache ya kukagua, na karibu yote yamo tayari katika kumbukumbu za serikali yenyewe, lakini foleni huvuta miezi kwa miezi. Katika miezi hiyo kijana aliyemaliza sekondari huandikishwa chuo kikuu kama mwanafunzi wa kigeni, kwa karo ya kigeni, ilhali mwenzake waliyekaa dawati moja analipa karo ya mwenyeji. Nimeona familia ikiamua mtoto akae nyumbani mwaka mzima kwa sababu hiyo.

Saa ya uraia nayo huathirika. Sheria inadai miaka minne ya kuishi nchini kihalali, na miaka ya viza ya 491 huhesabiwa humo, lakini miezi 12 ya mwisho lazima iwe ya ukaazi wa kudumu. Kwa Mkenya, ambaye katiba ya 2010 inamruhusu kushika uraia wa nchi mbili, kila mwezi wa foleni ni mwezi unaosukumwa mbele bila kosa lake. Ikiwa serikali haiwezi kuharakisha ukaguzi, basi miezi hiyo 12 ihesabiwe tangu siku ombi lilipowasilishwa likiwa limekamilika, na karo ya chuo kikuu ifuate tarehe hiyo hiyo.