Sauti ya Injili ya Moshi: mtambo wa mbali au mnara wa nyumbani?

Katika miaka ya 1960, mchungaji aliyehubiri kwenye studio ya Sauti ya Injili, redio ya Kanisa la Kilutheri mjini Moshi, hakusikika siku hiyohiyo, hata na jirani wa ukuta kwa ukuta. Mahubiri yake yaliingia kwenye tepu, tepu ikasafirishwa hadi Addis Ababa, zaidi ya kilomita 1,300. Huko ndiko yaliporushwa kwa masafa mafupi, yakarudi mpaka migombani Kilimanjaro, ambako watu walisogeza masikio kwenye redio za betri zinazokoroma.

Mzunguko huo ulikuwa na sababu. Nchini Tanzania redio ilikuwa ya serikali. Kanisa lingeweza kurekodi, si kurusha. Mitambo ilikuwa ya kituo cha Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, kilichofunguliwa Addis Ababa Februari 1963.

Wapo wanaouona wakati huo kuwa ndio uliokuwa bora, na hoja yao ina uzito. Masafa mafupi yalivuka mipaka yote ya Waswahili. Zaidi ya hapo, sera ya kituo ilikuwa takriban asilimia 30 ya muda kwa mahubiri na 70 kwa afya, kilimo, habari na utamaduni. Mtu alifundishwa kuchemsha maji ya kunywa na redio ileile iliyomsomea Zaburi. Naupenda sana mgawanyo huo.

Lakini gharama zake zililipwa na makanisa ya nje, na swichi ilikuwa mikononi mwa wengine. Machi 12, 1977 wanajeshi wa Derg, serikali ya kijeshi ya Ethiopia, walikitwaa kituo, na kikaitwa Sauti ya Ethiopia ya Kimapinduzi. Moshi ikabaki na vipaza sauti, watangazaji na tepu, bila mtambo ule wa kuzirusha. Hakuna aliyekosea Moshi. Mwenye nyumba alibadilika, basi.

Sheria ya Utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungua mlango wa redio binafsi Tanzania, na Sauti ya Injili ikaanza kurusha yenyewe kwa FM. Mawimbi ya FM hayapindi mlima, kwa hiyo uwanja ulipungua. Ila redio ya FM ya mkoani hutangaza msiba asubuhi na jamaa wakawahi mazishi. Msikilizaji akikerwa na kipindi, anampata mtangazaji ibadani Jumapili na kumwambia. Kwangu, hilo linazidi masafa yote.

Tatizo sasa ni bili. Umeme, leseni, mishahara, vipuri vya mtambo: vyote vinadai, na redio nyingi za dini nchini huuza saa kwa wahubiri wanaolipa. Watetezi husema bora saa iuzwe kuliko kituo kifungwe au kirudi kutegemea wafadhili, na ni kweli redio isiyolipa umeme haihubiri chochote. Ila daktari wa mifugo hana fedha ya kununua nusu saa, mwenye kuuza mafuta ya upako anayo. Polepole ile asilimia 70 ya afya na kilimo inaliwa.

Nauchagua mnara wa nyumbani bila kusita. Ila saa ya afya na saa ya mkulima zisiwekwe mnadani; zilipiwe na sadaka, kama sharika zinavyochangia paa la kanisa, na mweka hazina asome hesabu yake mbele ya washarika.