Ingeborg hakukataliwa tu, alikataa

Kila anayesimulia habari za Ingeborg wa Denmark huanzia chumbani. Mfalme Philippe wa Pili wa Ufaransa alimwoa mjini Amiens tarehe 14 Agosti 1193. Kesho yake, kwenye ibada ya kumvika bibi harusi taji, mfalme alionekana amepauka na kutetemeka, na sherehe hazijapoa akataka mke arudishwe kwao. Wasimulizi hupiga kambi hapo hapo. Aliona nini usiku ule? Kilema? Harufu ya kinywa? Alirogwa? Miaka mia nane imepita na maswali ni yale yale.

Mimi maswali hayo yananiumiza, na sababu ni ya nyumbani. Nilikuwa na miaka tisa shangazi yangu aliporudishwa kwetu na sanduku moja la bati, miezi minne baada ya harusi. Waliokuja kumpa pole walipitia jikoni kwa bibi na kumwuliza kwa sauti ya chini: "Kwani amefanya nini?" Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza mume amefanya nini.

Kwa hiyo niruhusuni nianzie penginepo.

Ingeborg alikuwa binti wa Valdemar wa Kwanza, mfalme wa Denmark, na mama yake, Sophia, alikuwa na asili ya nchi za Warusi wa kale. Baba alifariki mwaka 1182, binti akiwa bado mtoto, na aliyemwozesha ni kaka yake, Mfalme Knud wa Sita. Philippe alikuwa mjane. Mke wake wa kwanza, Isabelle wa Hainaut, alikufa mwaka 1190 akijifungua mapacha, nao hawakuishi. Mfalme akabaki na mtoto mmoja wa kiume, Louis, mwenye afya ya mashaka. Alitaka watoto zaidi, na alitaka merikebu za Wadenmark na madai yao ya zamani juu ya kiti cha Uingereza, maana Richard wa Uingereza alikuwa kifungoni Ujerumani na nafasi ilionekana wazi. Ingeborg alikuja na marki 10,000 za fedha. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minane hivi, na Kifaransa hakukijua.

Hilo la lugha tulishike, kwa sababu mwezi wa Novemba mwaka ule ule aliketishwa mbele ya kikao huko Compiègne. Maaskofu na mabwana wakubwa waliapa kwamba yeye na marehemu Isabelle ni wa ukoo mmoja, na sheria ya Kanisa wakati huo ilizuia ndoa za ndugu hadi kizazi cha saba, hata ndugu wa mke wa zamani. Mwenyekiti wa kikao alikuwa Guillaume, askofu mkuu wa Reims. Huyo ni mjomba wa mfalme. Ndoa ikabatilishwa. Msichana alikuwa amekaa pale bila kuelewa kinachosemwa, mpaka mkalimani alipomweleza. Akalia, kisha akatoa maneno machache kwa Kilatini kibovu: "Mala Francia! Roma, Roma!" Ufaransa mbaya, Roma, Roma.

Mimi ningependa kila mtu anayetaka kumjua Ingeborg aanzie hapo. Maneno machache tu, lakini ni rufaa kamili: ameikataa hukumu na ametaja mahakama ya juu yake. Hana wakili, mama yuko mbali, hakuna hata jamaa mmoja upande wake. Wangefurahi sana angekubali kurudi Denmark. Hakukubali. Alisema ni mke na ni malkia, na hakuliacha neno hilo tena.

Ilimgharimu. Alipelekwa kwanza kwenye nyumba ya watawa ya Cysoing, na Étienne, askofu wa Tournai, aliandika barua ya kumwombea, akieleza kwamba binti wa mfalme anauza nguo na vyombo vyake apate chakula. Kwao hawakumtupa. Abati (mkuu wa watawa) Vilhelm, Mfaransa aliyehamia Denmark, alichora nasaba za koo zote mbili kuonyesha kwamba kiapo cha Compiègne kilikuwa cha uongo, akaenda nazo Roma. Mwaka 1195 Papa Celestine wa Tatu akaitangua hukumu ile. Philippe hakujali. Mwaka 1196 alimwoa Agnès wa Merania, wakazaa Marie na Philippe.

Papa mpya, Innocent wa Tatu, hakuishia kwenye barua. Kuanzia Januari 1200 ibada zilipigwa marufuku katika nchi za mfalme: makanisa yakafungwa, kengele zikanyamaza, wafu wakakosa kuzikwa kwenye ardhi iliyobarikiwa. Katika hili siwezi kushangilia. Mkulima aliyeshindwa kumzika mwanawe alikuwa na kosa gani? Ila ilichukua miezi minane hivi ya mateso ya watu wengine ndipo Philippe akaahidi kumrudisha mkewe.

Ahadi yenyewe mtaiona. Mwezi Machi 1201 kesi ilisikilizwa upya Soissons. Mfalme alipohisi inamwendea vibaya, aliamka asubuhi, akampandisha Ingeborg nyuma yake juu ya farasi na kuondoka bila kuaga. Kwa nje ilionekana mume kamchukua mke, kesi imekwisha. Mke huyo akaenda kufungiwa kwenye ngome ya Étampes. Agnès alifariki mwezi Julai mwaka huo, na Papa akawahalalisha watoto wake. Namwonea huruma yeye pia, kwani hata yeye alikuwa ameozwa. Lakini kifo chake hakikufungua mlango wa Étampes.

Barua ambayo Ingeborg alimwandikia Papa Innocent akiwa kifungoni inasomeka kama maneno ya mtu anayehesabu vitu vidogo kwa sababu vikubwa vimekwisha. Chakula hakitoshi. Nguo si za malkia. Hapewi daktari, haruhusiwi kuoga wala kutolewa damu, tiba iliyotegemewa sana zama hizo. Nikisoma habari za kuoga huwa nasimama. Kumnyima mtu maji ya kuoga ni kumwambia kila asubuhi kwamba yeye si mtu. Baadaye mfalme alirudi na hoja nyingine, kwamba alirogwa na hakuweza kumwingilia. Ingeborg akaapa kwamba alimwingilia. Lilikuwa jambo la aibu kulisema mbele ya wanaume wazee wenye kofia za Kanisa, na akalisema.

Mwaka 1213 Philippe, akijiandaa kuivamia Uingereza, alimrudishia heshima ya malkia. Miaka ishirini ilikuwa imepita. Unyumba haukurudi, na watoto hawakupata kamwe.

Kitabu cha Zaburi cha Ingeborg kipo hadi leo Chantilly, Ufaransa, michoro yake iking'aa kwa dhahabu. Kwenye kalenda yake zimeandikwa tarehe za vifo vya baba na mama yake. Kwenye Julai kuna mistari mingine: kwamba mwaka 1214 Philippe, mfalme wa Ufaransa, alimshinda vitani mfalme Otto wa Ujerumani na wenzake. Ni ushindi wa Bouvines, umewekwa ndani ya kitabu cha sala cha mwanamke aliyefungwa na mshindi huyo huyo. Wengine husema ni unyonge. Mimi naona mwenye nyumba anayeandika habari za nyumba yake.

Philippe alifariki Julai 1223. Wosia wake ulimwachia Ingeborg livre 10,000, fedha ya Ufaransa ya zama hizo, na kumwita mke wetu mpenzi. Louis wa Nane, mtoto wa Isabelle, alimtambua kuwa malkia, na Louis wa Tisa baada yake vile vile. Ingeborg aliishi zaidi ya miaka kumi tena karibu na Corbeil, kwenye nyumba ya Saint-Jean-en-l'Isle aliyoianzisha kwa ajili ya watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, na huko ndiko alikozikwa. Hati zake za miaka hiyo zinaanza kwa jina lake, kisha maneno yale aliyoyashikilia tangu Compiègne, kwa Kilatini safi safari hii: Dei gratia Francorum regina, kwa neema ya Mungu, malkia wa Wafaransa.